Tumelipa, Lazima Tumwone

Kwenye bustani ya wanyama, mnyama aliyelala hana soko. Watu husimama mbele ya banda lake kidogo tu, wakapiga makofi, wakapiga miluzi, mmoja akagonga wavu kwa funguo za gari, na asipoinuka wanaondoka wakinung'unika kana kwamba wameuziwa kitu kibovu. Foleni huwa kwa yule anayetembea. Anakwenda mpaka kona, anageuka, anarudi mpaka kona ya pili, anageuka tena, saa nzima kwenye mstari uleule. Watazamaji hufurahi na kusema huyu ndiye mnyama. Wanaofuga na kutibu wanyama wa mabandani wakiuona mwendo huo huingiwa na wasiwasi, kwa sababu mara nyingi ni dalili ya mnyama aliyekosa cha kufanya na pa kujificha.

Nenda kwenye maonyesho ya Sabasaba pale Dar es Salaam, kwenye banda la Maliasili, usikilize watu waliojipanga kumwona chui. Swali ni moja: "Mbona hanyanyuki huyu?" Hakuna anayeuliza anyanyuke kwa sababu gani, saa nane mchana, jua la Julai kichwani, naye ni mnyama ambaye kazi zake nyingi huzifanya usiku.

Sasa chukua tabia hiyo, ipakie kwenye gari, ivushe geti la hifadhi ya taifa. Kisa changu kinaanzia hapo. Nimekiunga kutokana na mambo yanayotokea kila msimu wa wageni, na wahusika sitawapa majina, maana kila msomaji ataona humo mtu anayemjua.

Palikuwa na baba mmoja wa Mwanza, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa hesabu. Mfuko wa saruji ukipungua kilo mbili anajua kwa kuunyanyua tu. Mwaka uliotangulia aliipeleka familia yake Saanane, kisiwa kile kilicho mbele ya mji, ambacho mwaka 1964 kilianza kama bustani ya wanyama na mwaka 2013 kikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini. Alirudi amenuna. "Nimepanda boti kwenda kutazama pimbi," alisema. Binti yake wa darasa la tatu yeye alirudi na habari. Alikuwa amekaa juu ya jiwe mpaka pimbi wakamzoea, akaona kwamba wenzao wakiota jua daima yuko mmoja anayelinda, na mlinzi huyo akilia, wote hutumbukia kwenye nyufa za mawe kabla hujajua kulikoni. Baba hakuwa na sikio la habari hizo. Pimbi ni pimbi.

Pasaka iliyofuata aliamua kufanya kweli. Akakodi gari la utalii lenye paa la kunyanyua, pamoja na dereva wake, na alfajiri wakashika njia ya Lamadi hadi geti la Ndabaka, wakaingia Serengeti kwa upande wa magharibi. Kwenye simu alikuwa na orodha. Kufikia saa sita mchana, simba tayari (walikuwa wamelala, na alimuuliza dereva kama hawezi kupiga honi), tembo tayari, nyati tayari. Walibaki chui na duma. Hifadhi ina kilomita za mraba 14,763, na yeye aliitaka yote kabla wali haujapoa kwenye hotipoti.

Dereva alikuwa kijana, mwaka wa pili kazini. Mshahara wake ni wa kulipia chumba. Kinachomlisha ni tipu. Lakini kazi aliijua. Walipofika kwenye miti ya kando ya mto Seronera alipunguza mwendo kabisa, akawageukia watoto.

"Chui msimtafute mwili," aliwaambia. "Mwili wake na kivuli cha majani ni kitu kimoja. Tafuteni mkia."

Akawaonyesha mwegea. Mti huu una matunda marefu, mazito, yanayoning'inia kwa vikonyo kama kamba, na kwa mbali kila tunda ni mkia wa chui. Asiyejua atapiga kelele mara kumi. Ila tunda linaning'inia likiwa limenyooka, zito chini. Mkia wa chui aliyelala juu ya tawi unashuka, halafu kwenye ncha unajikunja kidogo kurudi juu. Pia tunda halina mguu pembeni yake. Ukiona kitu kinaning'inia chenye kijikunjo, fuata kwa jicho kwenda juu taratibu, utafika kwenye paja, kisha mgongo, kisha kichwa ambacho muda wote huo kilikuwa kinakutazama wewe.

"Na kama humwoni kabisa, anko?" aliuliza binti.

"Waulize wanaomwogopa."

Hapo dereva alisema jambo la kweli kuliko alivyodhani. Tumbili, wale tunaowafukuza mashambani, wana kilio tofauti kwa adui tofauti. Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler waliwachunguza tumbili wa Amboseli, na mwaka 1980 wakachapisha walichokiona: wakisikia kilio cha chui hukimbilia mitini, wakisikia cha tai hutazama juu au hujitupa vichakani, wakisikia cha nyoka husimama kwa miguu miwili na kukagua nyasi. Walipopigiwa sauti zilizorekodiwa, bila adui yeyote kuwepo, walifanya vilevile. Kwa hiyo mtu mwenye subira huzima injini akasikiliza. Humtazama twiga aliyeacha kula na kukodolea macho kichaka kimoja. Husikia kanga wamechachamaa, swala wanapiga chafya za onyo, wote wameelekea upande mmoja. Madereva wazoefu hupata nusu ya wanyama wao kwa njia hiyo, na wala hawana macho makali kuliko yako. Wameacha kutafuta mnyama, wanasoma nyuso za majirani zake.

Baba aliyasikia hayo akitazama saa.

Redio ya gari ikakoroma. Hapa inafaa nieleze jambo ambalo wageni wa nje hawalijui. Madereva husemezana redioni kwa Kiswahili, tena cha mafumbo, ili mgeni asishtuke na kudai apelekwe. Dereva akisikia kwamba simba yuko mahali pabaya, au mnyama yuko mbali na njia, hukaa kimya, anaendelea kuonyesha pundamilia, na mgeni hajui alichokosa. Ni hila ndogo, na mara nyingi ni ya heri. Lakini siku ile abiria walikuwa Waswahili wenzake, na sauti ya redioni haikusumbuka kufumba: "Kuna duma jike na watoto huku upande wa tambarare, ila yuko ndani sana, anawinda. Tunamwangalia kwa darubini kutoka njiani. Msijisumbue."

"Umesikia?" baba alisema. "Duma."

"Yuko mbali na njia, bosi."

"Wewe twende."

Wakageuza. Wakati gari linashika kasi binti alisema, "Baba, tunda lile limejikunja." Kaka yake wa kidato cha pili akacheka. Mita chache mbele walipishana na gari lililozimwa, dereva wake mtu mzima mwenye kofia ya pama, wageni wake wakiwa kimya chini ya paa lililonyanyuliwa.

"Shikamoo, mzee," kijana alisalimia kupitia dirishani.

"Marahaba. Mbona mbio?"

"Tunamfuata duma."

"Yule ana watoto, mwacheni awinde. Kaeni hapa. Tumbili wanalia tangu saa ile."

Baba akaingilia kwa adabu kabisa. "Asante, mzee wangu. Tumbili tumeshawaona Saanane."

Sitasema kilichoteremka kwenye ule mti baadaye, waliokuwepo wanajua.

Walipofika tambarare, magari matatu yalikuwa yamesimama barabarani. Nyasi za masika zilikuwa ndefu. Mbali, karibu na mti mmoja uliosimama peke yake, palikuwa na nukta ya rangi ya mchanga. Kwa darubini ilikuwa duma, kichwa kimeinama usawa wa mabega, anasogea hatua moja, anaganda, anasogea hatua nyingine. Mbele yake swala tomi walikuwa wanakula. Nyuma yake, umbali mzuri, nyasi zilikuwa zinatikisika mahali ambapo hapakuwa na upepo: watoto watatu, wa miezi miwili hivi, migongo yao bado ina manyoya marefu ya kijivu yanayowafanya wafanane na nyegere. Mama anapowinda, watoto wa umri huo hubaki nyuma na kumngoja.

Darubini ilikuwa moja. Baba aliishika kwa muda, akairudisha. "Hii ni kama kutazama televisheni ya jirani kupitia dirishani. Sogea."

"Hairuhusiwi kuacha njia hapa, bosi."

"Nani atatuona?"

Dereva alinyamaza.

"Tumelipa," alisema baba. "Kiingilio tumelipa, gari tumelipa, wewe tumekulipa na nilikuwa nimekuwekea na ya kwako nzuri. Tumelipa, lazima tumwone."

Mama watoto alisema, "Si tumeshamwona?" Hakuna aliyemjibu.

Gari likaacha barabara. Yule kijana hakuwa mtu mbaya. Alipiga hesabu ya kodi ya chumba kwa sekunde mbili, akakunja usukani. Na gari moja likiacha njia, mengine hayakai. Abiria wa yale matatu nao wakaanza: mbona wale wanasogea? Mbona sisi tuko huku? Punde yalikuwa mawili nyuma yake, na la tatu likija kutoka upande mwingine.

Duma huwinda mchana, tofauti na chui na simba ambao sehemu kubwa ya kazi yao hufanyika gizani. Ndiyo maana huonekana, na ndiyo maana huumia. Ana mbio kuliko mnyama yeyote wa nchi kavu, lakini mbio zenyewe ni za mita mia chache, na zikiisha bila nyama hulazimika kulala chini akihema. Hana mwili wa kupigana. Fisi mmoja tu anaweza kumnyang'anya mlo, na mara nyingi huuachia bila ubishi kwa sababu jeraha la mguu kwake ni njaa. Anachotegemea ni kufika karibu bila kujulikana. Hatua alizokuwa amezipiga siku ile, zile za kuganda na kusogea, zilikuwa ndiyo mtaji wake wote.

Swala tomi walisikia injini wakainua vichwa. Mmoja akaruka wima kwa miguu minne, kisha wote wakatawanyika. Duma alisimama, akatazama gari, akatazama swala wanavyopungua. Hakujaribu hata kukimbia.

"Huyooo!" baba alipiga kelele, akapanda kwenye kiti akiwa na simu mkononi. "Mbele kidogo. Anatupa mgongo. Zunguka!"

Kuzunguka kulimaanisha kupita kati ya mama na watoto. Watoto wale wakatoka kwenye nyasi, mmoja huku, wawili kule. Mama akaanza kuwaita. Sauti ya duma anapoita wanawe ni nyembamba, fupi, ya kukatakata, na anayeisikia kwa mara ya kwanza huangalia juu kutafuta ndege. Kaka mtu aliangalia juu. Baba alipata picha tatu. Halafu gurudumu la nyuma likazama.

Udongo wa tambarare zile wakati wa masika ukiuona juu umekauka usiuamini. Chini ni mfinyanzi. Dereva alikanyaga mafuta, gurudumu likazunguka, gari likakaa tumboni. Magari mengine, yalipoona hivyo, yalirudi barabarani upesi kuliko yalivyokuja.

Walikaa pale mpaka jioni. Wali uliliwa ukiwa baridi. Mama alitaka kuchimba dawa na hapakuwa na pa kwenda, kwa sababu kushuka kwenye gari katikati ya nyasi ndefu ni kujitafutia makubwa. Saa kumi na moja hivi duma alionekana tena kwa mbali, anatembea na watoto wawili. Binti alihesabu mara ya pili, akahesabu ya tatu. Upande mwingine fisi walikuwa wanakuja kwa mwendo wao ule wa kujivutavuta, pua chini, wakifuata kitu. Hakuna aliyeona walichokipata. Kisha likaja gari la askari wa hifadhi, wakawavuta kwa winchi, wakaandika namba, wakaandika jina la dereva, wakaandika faini.

Kuna msomaji atakayesema: mtoto mmoja wa duma, porini kila siku wanakufa. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuogopa. Utafiti wa Karen Laurenson, uliofanyika kwenye tambarare hizohizo za Serengeti na kuchapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa duma wanaozaliwa, wanaofikia umri wa kujitegemea hawatimii 5. Wengi huuawa na simba. Mwenye akiba ndogo hivyo hana cha kumgawia mtu mwenye simu. Na upande wa Kenya, ambako Serengeti inaendelea kwa jina la Maasai Mara, Femke Broekhuis alilinganisha majike wa duma wanaoishi penye watalii wengi na wale wa penye watalii wachache. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Penye watalii wachache, kila uzao ulitoa kwa wastani watoto 2.3 waliokua hadi kujitegemea. Penye watalii wengi, 0.2. Hakuna ushahidi kwamba watalii waliwakanyaga au kuwapiga risasi. Huenda kutazama tu kulitosha: gari linakaa karibu mno, windo linakosekana, mama anachelewa kuhamisha watoto, fisi anafuata mkusanyiko wa magari kujua kuna nini.

Lawama nyingi humwangukia dereva, na siku ile ndivyo ilivyokuwa. Faini ilikatwa kwenye mshahara wake na akasimamishwa kazi mwezi mzima. Mimi naona hesabu hiyo ina kasoro. Mfumo unaompa dereva tipu kwa idadi ya wanyama, halafu unamwambia asikaribie wanyama, umemweka mtu mwenye njaa kulinda chungu. Kampuni zinajua, wageni wanajua. Ingetosha kabisa tipu ikawekwa kwenye bei, na mgeni akaambiwa getini, kabla hajatoa shilingi, kwamba analipia kuingia porini, mnyama hayumo kwenye risiti. Baadhi wangekasirika na kurudi nyumbani. Warudi.

Na sisi wenyeji tusijifiche nyuma ya wazungu. Tumezoea kusimulia fujo za porini kana kwamba ni za wageni wenye kamera ndefu. Siku hizi, na ni jambo la heri, familia za Mwanza, Arusha, Nairobi na Kampala zinakwenda hifadhini wakati wa sikukuu, na tunakwenda na masikio yanayoelewa kila kinachosemwa redioni. Mgeni asiyejua Kiswahili anaweza kudanganywa kwa wema. Sisi hatuna kinga hiyo.

Turudi kwa baba. Jumanne asubuhi alifungua duka, akauza mabati, na wateja walipopungua akaiweka picha mtandaoni. Ilikuwa ya tatu, ile nzuri: duma ameipa kamera mgongo, kichwa kimegeuka, mdomo wazi. Alikuwa anaita, lakini kwenye picha anaonekana kama anayenguruma. Baba akaandika: "Ana kwa ana. Serengeti. Mungu ni mwema." Pongezi zikamiminika. Watu wa mtaani, wateja, shemeji yake wa Bukoba. Katika nchi kadhaa wahifadhi huwaomba wageni wasitaje mahali walipopiga picha ya faru, kwa kuwa majangili nao wana simu. Kwa duma hakuna anayekumbuka kuomba.

Mchana rafiki yake mmoja akauliza: "Kaka, ni sehemu gani hapo? Sisi tunaingia Jumamosi na watoto."

Baba alikuwa mkarimu, hakutaka mwenzake ahangaike. Akajibu palepale: "Ukitoka Seronera nenda upande wa tambarare, utaona mti mmoja umesimama peke yake mkono wa kushoto. Hapo acha barabara, ingia ndani. Dereva atakuambia hairuhusiwi. Mwambie umelipa."